Picha Imekata, Sauti Inavuma: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu za Mitambo ya Matangazo Mubashara

Matangazo mubashara yakikwama, mara nyingi mashine zenyewe ni nzima. Kibaya ni waya, plagi iliyolegea, umeme, au mashine mbili zilizopangwa tofauti zikashindwa kuelewana. Ndiyo maana fundi mitambo anayekimbilia kufungua menyu za kamera hupoteza muda mwingi, ilhali anayeanza kwa kujiuliza "picha imeishia wapi?" hupata jibu upesi. Mwongozo huu unafuata swali hilo. Unamfaa mwenye kamera mbili na kompyuta moja, na unamfaa aliye kwenye chumba cha mitambo chenye kamera kumi, kwa kuwa njia ya picha ni ileile: kamera, waya, mikisa ya picha (inayochagua kamera ipi iende hewani), enkoda (kifaa au programu inayobana picha ili ipite intaneti), intaneti, mtazamaji.

Hatua ya 1: Okoa kipindi kwanza

Ukiwa hewani, usianze kutafuta kosa. Hamia kamera nzima, na kama hakuna, weka bango la kipindi. Bango liwe limepakiwa ndani ya mikisa tangu asubuhi, si kitu cha kutafutwa kwenye kompyuta wakati skrini ni nyeusi. Ikibidi uchague kati ya picha na sauti, linda sauti. Mtazamaji huvumilia picha iliyoganda madhali bado anamsikia msemaji, lakini sauti ikipotea anafunga na kuondoka.

Kisha mtu mmoja tu ashike hitilafu, mwongozaji aendelee na kipindi. Wawili wakichomoa nyaya tofauti kwa wakati mmoja, hata tatizo likiisha hakuna atakayejua limeishaje, na litarudi.

Kabla ya kugusa chochote, jibu maswali mawili. La kwanza: ni nini kilichobadilika mara ya mwisho kabla ya tatizo? Mtu kapita na kiti juu ya waya, taa za jukwaani zimewashwa, kompyuta ya mgeni imechomekwa. La pili: tatizo ni la kamera moja au la zote? La moja liko kwenye njia ya kamera hiyo. La zote liko pale zinapokutana, yaani mikisa, umeme wa pamoja, au enkoda.

Hatua ya 2: Ikate njia katikati

Tuseme kamera ya tatu haionekani. Njia yake ni kamera, waya mfupi wa HDMI (kama wa televisheni ya nyumbani), kigeuzi cha HDMI kwenda SDI (ishara ya video ya mitambo ya utangazaji), waya mrefu, mikisa. Usianzie mwanzo wala mwisho. Nenda katikati: chomeka monita ndogo kwenye tundu la kigeuzi la kutoa picha. Picha ikiwepo, kamera, waya mfupi na kigeuzi vina uwezekano mkubwa wa kuwa salama, na umebakiwa na waya mrefu na mikisa. Isipokuwepo, geukia upande wa kamera. Kipimo kimoja kimekuondolea nusu ya kazi, cha pili kitaondoa nusu ya kilichobaki.

Kama huna monita ya kutembea nayo, badilishana. Kwenye mikisa, waya wa kamera ya tatu uchomeke kwenye ingizo la pili, na wa kamera ya pili uchomeke kwenye la tatu. Weusi ukihamia ingizo la pili, kosa linakuja na waya, kigeuzi au kamera. Ukibaki kwenye la tatu, kosa ni la mikisa.

Sharti ni moja: badilisha kitu kimoja, tazama, na kama hakikusaidia kirudishe kilivyokuwa kabla ya kujaribu kingine. Na uwe na waya mmoja mfupi uliopimwa, wenye utepe wa rangi yake, ambao hautumiki kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa kupimia. Kupima kwa waya usioujua ni kubahatisha tu.

Hatua ya 3: Picha haipo kabisa

Umeme upo? Taa ya kigeuzi inawaka? Mikisa imechagua ingizo sahihi? Maliza hayo kwa sekunde chache, kisha fikiria muundo wa picha, kwa maana hapo ndipo wengi huzunguka bila kufika.

Mikisa nyingi ndogo hutaka kamera zote zitume muundo mmoja: ukubwa uleule na kasi ileile ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Kamera iliyowekwa 1080p50 (mistari 1080, fremu 50 kwa sekunde) haitaonekana kwenye mikisa ya aina hiyo iliyowekwa 1080p59.94. Tena 59.94 si 60. Ni 60 iliyogawanywa kwa 1.001, na tofauti hiyo ndogo ilianza na mfumo wa televisheni ya rangi ulioidhinishwa Marekani mwaka 1953. Kwa jicho hazitofautiki, kwa mikisa isiyo na uwezo wa kugeuza ni vitu viwili. Dalili yake ni hii: kamera inaonekana vizuri kwenye monita, ambayo hupokea karibu kila muundo, lakini kwenye mikisa ni nyeusi au inawaka na kuzima. Ukiona hivyo usibadilishe waya. Fungua menyu ya kamera, soma muundo inaotuma, ulinganishe na wa mikisa herufi kwa herufi. Angalia pia herufi ya katikati: 1080i ni picha inayotumwa nusu-nusu kwa mistari inayopishana, 1080p ni fremu nzima. Na kwenye SDI ya 3G (daraja la kasi la SDI, si 3G ya simu) kuna njia mbili za kupanga data ya 1080p50 au p60, Level A na Level B. Mashine inayojua moja tu itakataa nyingine.

HDMI ina tabia zake. Vifaa viwili husalimiana kwanza, kinachopokea kikikiambia kinachotuma muundo kinaoweza kuupokea, na salamu ikienda kombo hupati picha hata kama waya ni mzima. Chomoa waya, subiri kidogo, washa kinachopokea kwanza, kisha kinachotuma. Kama picha ya kompyuta inakuja lakini inageuka nyeusi mara tu filamu inapochezwa, huo ni ulinzi wa hakimiliki wa HDCP, si hitilafu, na hakuna waya utakaouponya. Kama kamera inajizima kila baada ya muda fulani, tafuta mpangilio wa kuokoa betri kwenye menyu, kisha shika mwili wa kamera uone kama una joto. Nyaya ndefu za HDMI za nyuzi za mwanga zina upande: ncha moja ni ya chanzo, nyingine ya skrini, na ukizigeuza hupati kitu. Binafsi naona HDMI ni ya mezani. Plagi yake haina kufuli, inatoka kwa kuguswa tu, na ishara ya picha kubwa hudhoofu baada ya mita chache. Kwa umbali wa ukumbi, tumia SDI.

SDI nayo inaishi kwenye plagi ya BNC, na plagi hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Chomoa, ielekeze kwenye taa. Sindano ya katikati inapaswa kusimama wima, katikati kabisa. Ikiwa imezama ndani, haigusi upande wa pili vizuri, na picha itakuja na kuondoka kila waya unapotikiswa. Ikiwa imepinda, ukiichomeka kwa nguvu utaharibu tundu la mashine, hasara kubwa kuliko ya waya. Tafuta uzi mwembamba wa nyaya za nje uliochomoza na kugusa sindano, kwani uzi mmoja unatosha kuua picha. Kisha shika mwili wa plagi kwa mkono mmoja na waya kwa mwingine, uvute kidogo. Waya ukicheza ndani ya plagi, huo haurudi kazini. Unapochomeka, sukuma na uzungushe mpaka ufunge. BNC iliyosukumwa bila kuzungushwa hutoa picha kwenye majaribio na kuanguka katikati ya kipindi.

Angalia pia maandishi kwenye ganda la waya. Video inahitaji waya wa omu 75. Ule wa omu 50 wa redio una plagi inayofanana nao kwa macho, na kwa umbali mfupi hata unapitisha picha, ila ukirefushwa unaanza kusumbua.

Hatua ya 4: Picha ipo, lakini mbaya

Vitone vyeupe au mistari mifupi inayomweka kwenye picha ya SDI ni onyo la mwisho. Picha ya dijitali haififii pole pole kama ilivyokuwa ya analogi. Inabaki safi, kisha vitone, kisha giza, na kutoka vitone hadi giza inaweza kuwa tofauti ya mita chache za waya au plagi moja ya kuungia. HD-SDI hubeba gigabiti 1.485 kwa sekunde, 3G hubeba 2.97, na 12G mara nne ya hiyo. Waya uliokuwa ukifanya kazi vizuri kwa 1080i unaweza kushindwa siku unapohamia 1080p50, bila kuharibika chochote. Fupisha njia, ondoa viungio vya katikati, au weka kikuza ishara kabla ya pale inapoanza kudhoofu.

Picha inayopepesa au yenye mikanda inayopanda na kushuka ni ugomvi wa taa na shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu. Penye umeme wa hezi 50, taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo weka shata 1/50 au 1/100. Penye hezi 60, weka 1/60 au 1/120. Taa za LED zilizofifishwa ni mkaidi zaidi, kwa sababu nyingi hufifia kwa kuwashwa na kuzimwa haraka haraka. Pandisha mwanga wa taa hadi juu, upunguze kwa kufunga lenzi au kwa kichujio, na ukiweza tumia mpangilio wa shata unaosogezwa kidogo kidogo mpaka mikanda itulie.

Rangi ya kamera moja ikiwa imepauka, au weusi wake umemeza kila kitu, usilaumu lenzi. Huenda kifaa kimoja kinatuma viwango vya mwanga vya 0 hadi 255 na kingine kinatarajia 16 hadi 235. Linganisha mpangilio huo pande zote mbili kabla ya kugusa rangi. Na urari wa weupe, mpangilio unaoifanya karatasi nyeupe ionekane nyeupe, usiachwe uende wenyewe: kamera zote zipimwe kwa karatasi moja, chini ya taa zilezile, kisha mpangilio huo ufungwe usibadilike.

Hatua ya 5: Sauti

Kimya kabisa: anza mdomoni uende mbele. Swichi ya maikrofoni, betri, umeme wa volti 48 kwa maikrofoni zinazouhitaji, kitufe cha kunyamazisha, halafu kama chaneli hiyo imeelekezwa kwenye njia inayokwenda hewani. Taa za mikisa ya sauti zikicheza lakini hewani kimya, tatizo liko baada ya mikisa.

Mvumo mzito usiobadilika, wa hezi 50 au 60 kulingana na umeme wa mahali ulipo, kwa kawaida ni mzunguko wa ardhi: vifaa viwili vimeungwa na waya wa sauti lakini vinapata umeme na ardhi kutoka sehemu tofauti. Chomoa chaja ya kompyuta ndogo kwa muda. Mvumo ukipotea, umepata chanzo. Tiba ni kulisha vifaa vyote umeme kutoka chanzo kimoja, au kupitisha sauti kwenye kisanduku cha DI chenye transfoma, inayopitisha sauti bila kuunganisha ardhi za vifaa hivyo viwili. Usikate wala usizibe pini ya ardhi ya plagi ya umeme kwa sababu yoyote ile. Mvumo utapotea, lakini siku kifaa kikivuja, umeme utapita kwa aliyeshika maikrofoni.

Sauti inayokwaruza kila mtu anapoongea, hata ukishusha kidude cha chaneli, imeharibikia kwenye ingizo. Mara nyingi sauti ya kiwango cha laini, yenye nguvu kuliko ya maikrofoni, imeingizwa kwenye tundu la maikrofoni. Badili ingizo liwe la laini, au tumia kipunguzi. Na kumbuka kwamba juu ya 0 dBFS, kilele cha kipimo cha sauti ya dijitali, hakuna nafasi tena, kinachozidi hukatwa. Stesheni nyingi hupima mitambo yao kwa mlio wa −18 au −20 dBFS ili kuacha nafasi ya vicheko na makofi, na hata wewe mwenye mikisa ndogo unahitaji nafasi hiyo.

Kuna hitilafu moja ya sauti inayowaponyoka wengi kwa sababu kwenye vidubwasha vya masikioni haionekani. Mikisa ya sauti ina tundu la kutoa sauti iliyosawazishwa, ambapo sauti ileile hupita nyaya mbili, mmoja ukiwa kinyume cha mwingine. Mtu anatumia waya wa plagi yenye vipande vitatu na kuuchomeka kwenye tundu la stereo la kamera au kompyuta. Kamera inaona kushoto na kulia. Ukisikiliza kwa masikio mawili, sauti ipo, ila imekaa ajabu, kama haina katikati. Mtazamaji mwenye simu ya spika moja hasikii karibu kitu chochote, kwa kuwa kushoto na kulia vikijumlishwa vinafutana. Watazamaji wakilalamika "hatusikii" huku mita zako zinacheza, sikiliza sauti inayotoka hewani kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiwa vimejumlishwa, au sikiliza kwa simu. Sauti ikipotea kwenye mono, badili waya: tumia chaneli moja tu, au kisanduku cha kugeuza sauti iliyosawazishwa kuwa ya kawaida.

Mdomo na sauti kutolingana kuna chanzo rahisi. Picha hucheleweshwa na kamera, kigeuzi na mikisa, kila kimoja kikila muda wake, na kwa jumla inaweza kufika fremu moja au zaidi. Sauti inakwenda moja kwa moja, kwa hiyo inawahi. Kwa fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40, kwa 50 ni 20. Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, unapendekeza sauti isiitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40 wala isichelewe zaidi ya 60. Mwambie mtu apige kofi mbele ya kamera, rekodi matokeo ya mwisho, kisha songesha fremu moja moja. Hesabu fremu kati ya mshindo wa sauti na viganja kukutana, zidisha kwa milisekunde za fremu moja, weka ucheleweshaji huo kwenye sauti. Fanya hivyo kwa kila kamera, maana hazichelewi sawa. Lakini kama mwanzo wa kipindi vinalingana na baada ya saa moja vimeachana, hapo usiongeze ucheleweshaji. Saa za ndani za vifaa haziendi pamoja, au kimoja kinachukua sampuli za sauti kwa kasi ya 44.1 kHz na kingine 48 kHz. Weka vyote 48 kHz na, kama vina uwezo, vifuate saa moja.

Hatua ya 6: Enkoda na intaneti

Mtazamaji akisema "inakatakata", kwanza tazama rekodi inayofanyika kwenye enkoda yako. Kwa hiyo rekodi kila kipindi, hata kama hutaihifadhi. Rekodi ikiwa safi, tatizo liko baada ya enkoda. Ikiwa inakatakata nayo, acha intaneti, shughulikia kompyuta na vilivyo nyuma yake.

Anayetumia OBS, programu ya kutangazia kwa kompyuta, ana msaada mkubwa kwenye dirisha la takwimu, lenye hesabu tatu za fremu zilizopotea, na kila moja inashtaki mshukiwa wake. Fremu zilizokosa kuchorwa ni mzigo wa kadi ya picha: punguza vyanzo, funga vivinjari, shusha kasi ya fremu. Fremu zilizorukwa wakati wa kusimba (kubana picha) ni enkoda kuzidiwa: chagua enkoda ya kadi ya picha badala ya ya prosesa, au mpangilio mwepesi zaidi. Fremu zilizodondoshwa na mtandao ni intaneti, na hapo kubadilisha kompyuta hakusaidii.

Kwa intaneti, jali kasi ya kupakia, si ya kupakua. Tovuti za kupimia kasi huonyesha hali ya sekunde chache, ilhali wewe unahitaji saa nzima. Mimi siruhusu matangazo yatumie zaidi ya nusu ya kasi iliyopimwa: ukipata megabiti 10 kwa sekunde, tuma zisizozidi 5. Tumia waya badala ya Wi-Fi. Chagua kiwango cha biti (data inayotumwa kila sekunde) kisichobadilika, na fremu kamili, isiyotegemea fremu nyingine, kila baada ya sekunde 2, mpangilio ambao YouTube nayo inaupendekeza. Ukitumia intaneti ya laini za simu, usiamini kipimo cha asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Watu wakijaa, kila simu iliyo mfukoni inagombea mnara huohuo. Laini mbili za kampuni tofauti kwenye kifaa cha kuziunganisha ni kinga ya kweli.

Enkoda ikikataa kuunganika kabisa, hakikisha ufunguo wa matangazo, msimbo unaopewa na jukwaa unakotuma, ni wa kipindi cha leo. Kisha fikiria ukuta wa ulinzi wa mtandao wa ofisi: RTMP, njia ya kawaida ya kutuma matangazo kwenye jukwaa, hutumia mlango 1935, ambao mitandao mingi huufunga. RTMPS, yaani RTMP iliyofichwa kwa usalama, kwa mlango 443 mara nyingi hupita. Kwa SRT, njia nyingine ya kutuma inayorudia data iliyopotea, ucheleweshaji uliowekwa mdogo mno ndio huleta mraba-mraba kwenye picha. Pima muda wa pakiti (kifungu kidogo cha data) kwenda na kurudi, uzidishe kwa 4 ndipo uanzie: milisekunde 60 zinakupa 240. Mtandao ukiwa mbovu, panda zaidi.

Jambo jingine dogo ni kifaa cha kunasa picha kwa USB. 1080p60 isiyobanwa ni karibu gigabiti 2 kwa sekunde, na USB 2.0 inaishia megabiti 480. Kifaa kilichochomekwa kwenye tundu lisilo sahihi hubana picha au hudondosha fremu. Usiweke viwili kwenye kigawanyio kimoja.

Hatua ya 7: Picha zinazopita mtandao wa ndani

NDI ni mfumo wa kupitisha picha kwenye mtandao wa kompyuta. Ya kawaida ya 1080p60 huzidi megabiti 100 kwa sekunde, hivyo inataka gigabiti toka mwanzo hadi mwisho. Waya wa mtandao una jozi nne. Gigabiti inahitaji zote, megabiti 100 zinahitaji mbili tu, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, mara nyingi vifaa hushuka kimya kimya hadi 100 na taa zinaendelea kuwaka. Soma kasi ya kiungo kwenye kompyuta au kwenye swichi ya mtandao, usitosheke na taa. Kamera isipoonekana kwenye orodha, hakikisha iko kwenye mtandao mdogo mmoja na kompyuta yako, na kwamba hakuna nyingine yenye anwani ileile ya IP. Kamera mbili mpya za aina moja zinaweza kutoka kiwandani na anwani moja.

Hatua ya 8: Umeme na joto

Mashine zinazojiwasha upya zenyewe, zaidi ya moja kwa mpigo, ni umeme. Tenga laini ya taa na laini ya mitambo. Weka mikisa, enkoda, ruta na swichi ya mtandao kwenye UPS, betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, na usisahau ruta. Adapta za umeme zinazofanana kwa plagi lakini si kwa volti ziandikwe majina ya vifaa vyake. Mashine inayogoma baada ya nusu saa kisha kupona ikipumzishwa ina joto: tafuta tundu la hewa lililozibwa.

Kabla na baada ya kipindi

Jaribio la dakika tano halitafichua joto, saa zinazoachana, wala kadi ya kumbukumbu iliyojaa. Endesha mitambo yote kwa muda sawa na wa kipindi, ukituma kwenye chaneli ya siri, na mtu mmoja atazame kwa simu iliyo kwenye mtandao mwingine.

Kipindi kikiisha, waya uliosumbua usirudi sandukuni. Ukate plagi papo hapo, ili kesho mwenzako asiuchukue kwa kuuona mzima. Andika dalili uliyoiona, kipimo kilichokupa jibu, na kilichoponya. Halafu, mitambo ikiwa bado imeunganishwa, jaribu kuileta hitilafu ileile tena kwa makusudi. Ikirudi, umepata chanzo. Isiporudi, kifaa hicho kiwekwe alama ya shaka na kitumike kwenye mazoezi tu mpaka kijithibitishe.